Kivuli ni Haki ya Nani?

Mwenye kujenga nyumba huukata ulimwengu kipande, akakiita chake. Je, anawiwa nini na aliyebaki nje ya ukuta?

Mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja walilijibu suali hili kwa mikono. Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za nusu mita na zaidi, hata joto la mchana likachelewa kupenya. Ua wa katikati uliipandisha hewa ya moto na kuivuta iliyopoa vichochoroni. Boriti za mikoko ndizo zilizopima chumba: kwa kuwa aghalabu hazivuki mita 3, vyumba vilikuwa vyembamba, na hata tajiri alikitii kiasi cha mti. Tena nyumba hizo, kwa kusogeleana kwake, zilikitia kichochoro kivuli. Na baraza zake zikampa mpita njia pa kukaa.

Sasa tazama kiyoyozi. Mashine hii hailiui joto, hulihamisha. Hulitoa chumbani mwa mwenyewe ikalitupa njiani, pamoja na joto la umeme inaoula. Raha ya mmoja huwa jasho la jirani, na jirani hakuulizwa.

Lakini tusiitakase kale. Chokaa ile ilichomwa kwa kuni nyingi, mikoko ilikatwa, na mizigo ya ujenzi ilibebwa na watu, wakiwemo watumwa. Kivuli kilichotolewa kwa ukarimu kilikuwa na jasho la asiyekikalia. Wala tusimlaumu maskini mwenye bati: makuti yana ubaridi, ila huoza baada ya miaka michache na hushika moto upesi.

Basi wema wa nyumba haumo katika udongo wala jiwe peke yake. Umo katika suali moja: nani analipa? Utengenezaji wa saruji hutoa kiasi cha asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na wanadamu. Mlipaji wake mkubwa hajazaliwa bado, naye hana mdomo wa kudai.

Nyumba ya haki ni ile ambayo mwenyewe akishafunga mlango, aliye nje hajapungukiwa. Anayechora ramani leo na aanze kwa kutazama jua la saa nane litampiga nani, ndipo achague mawe, udongo au saruji.