Jembe la Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumelishwa tangu shule ya msingi, na Mwalimu Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 kuonyesha kwamba jamii yetu ya zamani haikuwa na nafasi ya mnyonyaji. Huku Uchaggani haihitaji hata mwalimu. Mtu anapimwa kwa kihamba chake: migomba imepaliwa? Kahawa imepogolewa? Mfereji umezibuliwa? Asiye na jibu, hata salamu yake hupokewa nusu.

Sasa fikiria mtu ambaye utawa wake unamkataza kushika jembe.

Niliwakuta watatu, asubuhi moja ya Januari, kwenye barabara ya kupanda kutoka Shanty Town, saa ile mlima uko wazi na mawingu hayajaufunika. Watawa wa Kibudha. Moshi tumezoea watawa. Wakapuchini na masista wakipita hatugeuki. Lakini hawa walikuwa wamenyoa vichwa, wamejitanda nguo za manjano iliyokolea, miguu peku, kila mmoja amekumbatia bakuli. Mama mmoja aliyekuwa anateremsha ndizi kwenda sokoni Mbuyuni akatua mzigo.

"Mwanangu, hawa wana njaa?"

Kabla sijajibu alishachomoa ndizi mbivu sita. Wakasimama, wakafunua mabakuli, akawawekea mbilimbili. Wakainama, wakatamka maneno tusiyoyaelewa, wakaendelea na safari.

"Hata asante?" Mama akacheka, lakini si kicheko cha furaha sana.

Ubudha si mgeni kabisa kwetu. Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Wasinhala waliotoka Ceylon enzi za mkoloni. Karibu na Entebbe kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyeikuta dini hiyo India akiwa mwanafunzi. Na kanuni za watawa wa Theravada ziko wazi: mtawa hachimbi ardhi, haweki chakula cha kesho, hali baada ya adhuhuri. Wala haombi, anasimama tu na bakuli lake. Kwa desturi hashukuru, hubariki, maana inahesabiwa kwamba aliyefaidika ni mtoaji.

Eti mtoaji! Mama yule ameamka saa kumi alfajiri, ndizi sita kwake ni hela, na wanaozipokea ni wanaume wenye mabega yao mazima. Mwalimu angewakabidhi jembe palepale, na sioni kwamba angekosea sana.

Ila kuna jambo linanizuia kuwaita wavivu. Mvivu hujiwekea akiba, hawa hawaruhusiwi. Kila asubuhi wanaanza na bakuli tupu, na kijiji kikiwachoka, siku hiyo hawali. Hakuna bosi wala mbunge anayekubali kushikwa shingo na majirani kiasi hicho. Mimi nisingeweza. Si kwa sababu ya njaa, bali kwa sababu ya kupokea.

Kutoa tunakuweza sana. Mchango wa harusi unaingia kwenye kundi la WhatsApp, jina linaandikwa, kiasi kinaandikwa, asiyetoa anajulikana. Kupokea ndiko kunatushinda. Tumefundishwa kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu, na ni desturi nzuri, naipenda. Lakini pia ni njia ya kulipa deni haraka kabla halijawa uhusiano. Bakuli la mtawa halilipi chochote, linabaki wazi tu. Nadhani ndicho kilichomkera Mama, na mimi pia.

Nina jirani, bibi mjane. Nikimpelekea mtori, sufuria hurudi kesho yake na parachichi, au mayai mawili yamefungwa kwenye kitambaa. Mwaka huu kahawa yake haikuzaa na kideri kimemaliza kuku. Jumapili mbili zilizopita nilimpelekea mtori kama kawaida. Mjukuu wake amepita hapa mara tatu tangu hapo, ananiamkia, anaangalia chini, mikono mitupu. Sufuria bado iko kwa bibi, na najua iling'arishwa siku ileile.