Saa Mbili za Mhasibu

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mwenye duka kakuletea boksi la risiti, ukakaa nalo saa mbili, ukagundua kwamba VAT aliyolipa kwenye manunuzi hakuwa akiidai. Umemwokolea shilingi milioni 6. Sasa wauliza: umtoze saa mbili zako, au umtoze kwa kadiri ya ulichomwokolea?

Swali ni jema, ila umelileta limechelewa. Katika Qurani, Musa alipoafikiana na mzee wa Madyana kumchungia mifugo, hesabu ilikuwa ya muda: miaka 8, na akipenda 10. Katika kisa cha Yusuf hesabu ilikuwa ya matokeo: atakayeleta kopo la mfalme atapata shehena ya ngamia. Njia zote mbili zina asili, na wanafiqhi wakazipa majina, ijara na juala. Lakini angalia: miaka ilitajwa kabla Musa hajaanza kuchunga, na shehena ilitajwa kabla mizigo haijapekuliwa. Wewe umepekua kwanza.

Kwa kazi kama yako, mimi napendelea bei ya kazi nzima. Saa humwadhibu hodari. Fundi anayeujua ugonjwa wa gari kwa kusikia mlio tu, utamhesabia dakika 5? Na mzembe anayebonyeza kikokotoo mpaka adhana ya alasiri, apewe zaidi? Saa ziachie mambo usiyouona mwisho wake, kama pingamizi la kodi linaloweza kwenda miezi. Huko andika kila siku ulichofanya, mteja akitaka daftari alione.

Ila hilo neno "thamani" lina mlango wa nyuma. Ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20. Mtu akikujia tarehe 19 jasho likimtoka, unachokisoma usoni mwake ni hofu, wala si ubora wa kazi yako. Je, aliyekuja tarehe 3 na boksi kama hilo ungemtajia kiasi gani? Ukilazimika kukesha, ongeza ya kukesha, useme kwamba ni ya kukesha, na iwe hiyohiyo kwa kila mtu.

Asilimia ndiyo naiogopa zaidi. Mhasibu anayelipwa fungu la kodi iliyopungua, siku moja ataanza kuona risiti zisizokuwepo. Si bure kwamba Sheria ya Mawakili ya Kenya, kifungu cha 46, haiupi nguvu mkataba wa wakili kulipwa pale tu anaposhinda kesi.

Huyu wa sasa mtoze kile ambacho ungemtajia kabla hujaziona hizo milioni. Kama umeshasahau, na fedha husahaulisha kweli, muulize mhasibu mwenzako boksi la aina ile hutozwa kiasi gani, wala usimdokezee habari ya milioni 6. Mwezi ujao mtajie bei boksi likiwa bado mikononi mwake.