Haki ya Binti Aliyehama

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyekua yatima, kisha akauhama mji wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, mwaka 1991, dola ya Somalia ilipovunjika, majahazi yalishusha Mombasa watu wa Barawa na miji mingineyo ya Benadir. Chimwini, lugha ya Wabarawa, ni ndugu ya Kiswahili chetu, na dini yetu ni moja. Wakawekwa Utange na kwingineko. Kambi hizo zilifungwa kabla ya miaka ya 1990 kwisha, lakini vita havikwisha, na waliofiwa na wazee wao waliendelea kuja.

Basi tujiulize: abishapo hodi binti wa miaka kumi na saba, babake ameuawa, mamake amefia njiani, twamfanyia nini? Wengi wetu humpa sahani ya wali na leso, na hilo ni jema. Kisha twamweka jikoni tangu alfajiri mpaka isha, bila ujira, nasi twamwita mwanetu. Ni mwana gani huyo asiyepelekwa kusoma pamoja na wanetu? Au twamwoza haraka kwa mtu asiyemtaka, tukala mahari yake. Hiyo ni dhuluma iliyovishwa nguo ya huruma.

Tazameni watu wa Madina. Mtume (s.a.w.) alipomuunganisha Abdurrahman bin Auf, mhamiaji wa Makka, na Saad bin Rabii, Saad alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, asichukue, akauliza njia ya sokoni. Akaanza na samli na jibini, na haukupita muda mrefu akawa na mali ya kuolea. Mwenyeji hakubana mkono, na mgeni hakunyimwa heshima ya kujitegemea. Wala msiseme kuchuma ni kwa wanaume tu: Bi Zainab binti Jahsh, mkewe Mtume, alifanya kazi kwa mikono yake, na pato lake akilitoa sadaka.

Kwa hivyo yatupasa mambo haya. Aachwe alie na awaombee wazee wake, wala asihojiwe na kila ajaye juu ya yaliyompata. Mama mmoja mwenye busara amshike mkono, kwani yapo maneno asiyoweza kuyasema mbele ya wanaume. Asaidiwe kupata karatasi zake za ukimbizi. Asome, au afundishwe kazi. Akitumika nyumbani, alipwe bila kucheleweshwa. Na asiozwe ila kwa ridhaa yake, na mahari ni mali yake.

Wako watakaosema: hatuna uwezo. Lau karamu moja ya arusi zetu ingepunguzwa sahani chache, cherehani ingenunuliwa, na binti huyo angekula jasho lake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa Ansari wa zama zetu. Amin.