Pumua Maji Yakipwa

Somo: Yohana 17:9–19



Katika somo la juma hili Yesu anawaombea wanafunzi wake. Haombi watolewe ulimwenguni. Anaomba walindwe humo humo. Sala zetu nyingi huenda njia nyingine: Bwana, nitoe kwenye kazi hii, kwenye deni hili, kwenye nyumba hii yenye maneno.

Ukipita Delta ya Rufiji au pwani ya Lamu maji yakiwa yamekupwa, utauona mchu, mti wa jamii ya mikoko, umesimama kwenye tope jeusi lenye uvundo, ambalo halina hewa. Mwembe ukipandwa hapo hufa. Mchu unaishi, kwa kuwa mizizi yake iliyotambaa chini hutoa vijimizizi vingi vinavyochomoza wima juu ya tope kama penseli, vyenye vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Maji yakijaa, vyote hufunikwa. Saa hizo mti huishi kwa hewa uliyoivuta maji yalipokuwa yamekupwa.

Na chumvi je? Mizizi huzuia sehemu kubwa. Inayopenya hutolewa kupitia majani; jua likiwaka utaona chembe nyeupe juu ya jani, na ukililamba utaonja bahari.

Mungu hakuuondolea mchu bahari. Aliupa namna ya kuishi ndani yake, na kazi ya kufanya kila siku.

Siku ambazo watoto ni wazima, mshahara umeingia na nyumba imetulia, ndiyo maji kupwa yetu. Cha ajabu, ndizo siku tunazoacha kusali. Kisha majibu ya hospitali yanakuja, tunaitafuta Biblia iliko, na moyoni hamna akiba. Chumvi nayo hupenya hata kwa mcha Mungu: neno la kuudhi, wivu, kinyongo. Usikilaze kinyongo. Kitoe leo kwa toba na msamaha, maana kesho kitaingia kingine.

Basi, uliye na nafasi juma hili, soma Zaburi moja kila asubuhi na watu wa nyumbani mwako kabla hujashika simu. Nawe uliyefunikwa, maji yakijaa hupwa. Mwambie jirani yako wa jumuiya akuombee.

Tuombe: Ee Bwana, utufundishe kukutafuta tungali na utulivu, utushike maji yanapojaa, na ututakase kila siku. Amina.