Umri wa Chuma na Dhamana ya Mtu

Ajali haina kinga, husema Waswahili. Na wao hao husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hizi mbili hushindana hasa penye mitambo ya umeme iliyozeeka. Je, asiyetazama aweza kujitetea kwamba hakujua?

Tarehe 8 Novemba 2018, katika jimbo la California, Marekani, kulabu ya chuma iliyoshikilia waya wa umeme mnarani ilikatika. Ilikuwa imetumika kwa karibu miaka mia moja. Upepo ulikuwa umeisugua siku baada ya siku hata ikabaki nyembamba. Waya ulianguka ukagusa mnara, cheche zikashika majani makavu, na mji wa Paradise ukateketea. Watu 85 walikufa. Mwaka 2020 kampuni ya Pacific Gas and Electric, iliyomiliki waya ule, ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia.

Hapana ajuaye siku ya kufa kwa chombo. Hesabu ya mafundi hueleza habari za vyombo vingi, haielezi habari za kimoja: yaweza kukisia idadi ya transfoma zitakazoharibika, haiwezi kuitaja itakayotangulia. Lakini chombo husema na amsikilizaye. Uhai wa transfoma ni uhai wa karatasi iliyozungushiwa nyaya zake ndani ya mafuta. Joto huila karatasi hiyo, na kuharibika kwake huacha gesi katika mafuta, ambayo fundi huweza kuipima. Kulabu nayo ilikuwa na la kusema, ila ilihitaji mtu wa kupanda mnara.

Kutojua ni kwa namna mbili: kwa asiyeweza kujua na kwa asiyetaka kujua. Kwa kwanza ni udhaifu wa binadamu. Kwa pili ni hiari yake. Asemaye "kitadumu" hali hajakitazama hatabiri, bali anacheza kamari, na dau lake ni maisha ya wengine.

Itasemwa kuwa minara ni mingi na fedha ni chache. Ni kweli. Lakini uchache wa fedha huamua kipi kitazamwe kwanza. Hauhalalishi kikongwe kusahauliwa. Na hiyo ndiyo kazi ya utabiri: kumwonyesha mtu pa kuanzia, si kumpa ruhusa ya kungoja.

Ajali haina kinga baada ya ufa kutafutwa. Kabla ya hapo, jina lake si ajali.