Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Lini?

Methali hii tunaijua sote. Wasemaji wa sherehe huirudia kila wanapotaka watu wafungue mifuko: mcheza kwao hutunzwa. Ilitoka pwani, ikavuka ziwa, ikakaa kwetu kana kwamba imezaliwa hapa Nundu. Hatuna ugomvi nayo. Ila neno kutunza limebeba mizigo miwili. Kutunza ni kumpa mchezaji zawadi pale pale anapocheza: noti kwenye paji la uso, kitenge begani, chupa ya bia. Na kutunza ni kumwangalia kiumbe, kama unavyotunza mtoto au mbuzi, hata siku ambayo hakuna anayekutazama. Kutunza kwa kwanza kuna kelele, kwa pili hakuna. Wasomaji wapenzi, swali letu ni hili: je, jamii yetu inamtunza msanii kwa maana ipi? Sisi tunaona maana hizo mbili zinagongana, na mara nyingi ile yenye kelele ndiyo inayoshinda.

Tunaposema msanii hatusemi wale wa Kinshasa wenye magari. Tunasema mpiga likembe, mpiga ngoma, mwimbaji wa matanga, mchongaji, mtu asiye na bosi, asiye na mradi, asiye na studio nyuma yake. Toka Makobola mpaka Baraka wako wengi, na sisi tumo.

Mwaka wetu una nyakati mbili, kipwa na masika. Wakati wa kipwa, toka Juni mpaka Agosti, barabara inapitika, watu wamevuna, matofali yanachomwa, vijana wanaoa. Hapo msanii anaitwa huku na huku, anakula nyama, anarudi nyumbani na sauti imekauka na franka kidogo mfukoni. Kisha inafika Septemba. Mvua za kwanza zinaanguka, shamba linadai jembe, watoto wanarudi shuleni na madaftari yanatakiwa, arusi zimekwisha. Ngozi ya ngoma inalegea kwa unyevu, mpaka uisogeze karibu na moto ndipo ilie. Wale waliokuwa wakipiga makofi mwezi wa saba wanapita na majembe yao asubuhi, wakikukuta umekaa barazani na likembe wanauliza, “Yaya, weye kazi yako ni gani?”

Kumbe kazi ndiyo hiyo. Wimbo utakaochezwa Julai umetungwa Novemba, jioni za mvua, na mtu anayekula mara moja kwa siku. Mchongaji naye ni vile vile. Mti mbichi ukikaushwa haraka katika jua la kipwa unapasuka, basi lazima auweke kivulini na kungoja. Kazi yake ina miezi mizima ambayo kwa macho ya jirani ni kulala tu.

Hata ziwa lina majira yake ndani ya mwezi. Wavuvi wa ndakala wanafuata giza, kwa sababu samaki wanakuja kwenye taa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, na pesa nayo inapumzika. Usiku mzuri kuliko yote kwa ngoma, wenye mwanga wa bure kwa kila mtu, ndio usiku ambao mifuko ya watu haina kitu! Mungu alipanga hivyo, labda ili tusizoee vibaya.

Zamani kulikuwa na njia nyingine. Babembe na Warega walikuwa na bwami, ule ushirika wa vyeo ambao ulikuwa serikali, shule na dini kwa pamoja. Vinyago na sanamu vilitumika katika mafundisho yake. Mchongaji hakuchonga ili apeleke sokoni akatafute mnunuzi. Kulikuwa na ushirika uliohitaji kazi ya mikono yake, na mafundisho yaliyomngoja. Serikali ya Wabelgiji ilipopiga bwami marufuku mwaka 1948, wengi waliona ni habari ya imani na utawala. Wachache waliona kwamba siku ile mchongaji naye alipoteza watu waliokuwa na haja naye. Kazi nyingi za eneo letu zilikwisha kwenda Ulaya, nyingine ziko Tervuren karibu na Brussels, na mara nyingi kikaratasi kilichobandikwa hapo kinataja kabila tu. Jina la aliyechonga halipo. Alitunzwa na wenzake, dunia ikatunza mti wake, yeye akasahaulika. Tusiimbe basi kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri.

Kitu kimoja cha zamani lakini tunakitamani. Kinyago cha alunga cha Babembe kina nyuso mbili, moja mbele, moja nyuma, na macho makubwa. Aliyekivaa alifunikwa mwili mzima. Sisi tunaliwaza hivi: mtu ambaye uso wake hauonekani ni vigumu kumbandika noti kwenye paji, na ni vigumu kumlipa ili akutaje jina.

Maana huko ndiko tulikofika. Kwa Lingala libanga ni jiwe, na kutupa libanga ni mwanamuziki kutaja jina la mtu katikati ya wimbo, na mwenye jina anatoa pesa. Mchezo huo ulitoka Kinshasa ukapanda mpaka kwenye arusi zetu. Hatuwahukumu wanaofanya. Mtu ana watoto, na tajiri wa mitumbwi anataka kusikia jina lake. Ni nani atakayekataa? Lakini tazama kinachotokea baada ya miaka mitano. Wimbo unakuwa orodha ya majina. Na mtu ambaye umetaja jina lake mara ishirini kwa malipo, siku amemdhulumu mjane shamba, utaimba nini?

Nchi yetu ilijaribu jambo hilo kwa ukubwa. Chini ya MPR, chama kilichoundwa mwaka 1967 na kubaki peke yake mpaka Aprili 1990, kulikuwa na animasyo: shule, ofisi na viwanda vyote viliimba na kucheza kumsifu Mobutu. Wasanii walipewa nguo, safari na vyakula. Walitunzwa kweli kweli. Franco mwenyewe, mkubwa kuliko wote, mwaka 1978 alitiwa gerezani kwa ajili ya nyimbo zilizoitwa chafu, na mwaka 1984 akatoa wimbo wa kumpigia Mobutu kampeni katika uchaguzi ambao Mobutu alikuwa mgombea wa pekee. Hatusemi hivyo kumshusha. Tunasema kwamba kama mdomo kama ule uliweza kukodiwa, wetu wa kijijini utaweza kwa sahani ya wali. Na huku kwetu, tangu vita vya 1996, si matajiri tu wanaopenda kusifiwa. Watu wenye bunduki nao wanapenda.

Siku hizi kuna pia mradi. Unataka wimbo wa kunawa mikono, wa kipindupindu, wa chandarua. Ni nyimbo nzuri, kipindupindu kimetuua sana kando ya ziwa, na pesa zake ni halali. Ila mradi ukifunga ofisi wimbo nao unafunga.

Wako wazee wanaojibu: basi na alime kama sisi, aimbe jioni. Jibu hili lina heshima, kwa sababu msanii asiyejua jembe hajui wimbo wa nani anauimba. Wengi wetu tunalima. Wengine, wasomi zaidi, wanasema: seremala analipwa kwa meza, mwimbaji alipwe kwa wimbo, mambo yamekwisha. Hapa hatukubali. Meza ikinunuliwa inaenda nyumba moja. Wimbo hauendi nyumba moja. Aliyelipa na asiyelipa wote wanaondoka nao, na mtoto wa jirani kesho anauimba kisimani bila kutoa hata franka. Ukimlipa mwimbaji kama seremala, basi atakutengenezea meza yako, yenye jina lako, na kijiji kitabaki bila wimbo.

Tupime kwa jambo la kweli. Mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999 watu wengi, mamia, waliuawa Makobola. Nani atamlipa mtu kutunga wimbo wa Makobola? Hakuna arusi ya kuuimbia, hakuna jina la tajiri la kutia ndani, na wako wanaopenda usiimbwe kabisa. Waliovuka ziwa wakaishi kambini Nyarugusu, Tanzania, hawakuweza kubeba ngoma katika mtumbwi uliojaa watoto, lakini vilio vyao walivibeba; wimbo ni mzigo usiolipa ushuru. Wimbo wa namna hiyo hauna mnunuzi, una wenyewe tu. Wenyewe wasipomlisha anayeutunga, hautatungwa, na watoto wetu watalisoma jina la Makobola katika ripoti za wageni.

Hapo tunafika kwenye neno uhuru. Vijana wanafikiri msanii huru ni yule asiyesaidiwa na mtu. Huyo si huru, huyo ana njaa, na mwenye njaa ni rahisi kununua. Huru ni yule anayekula kwenye mikono arobaini, kwa sababu hakuna mkono mmoja unaoweza kumfunga mdomo. Mama zetu wanalijua hilo katika likelemba: kila mmoja anatoa kidogo, kila mmoja ana zamu yake ya kupokea, na hakuna anayemwambia mwenzake, “Mimi njo nilikununulia mashine ya kushona.”

Lakini tusijidanganye. Mikono arobaini nayo inaweza kuwa bwana mmoja. Kijiji kizima kinaweza kutaka wimbo wa kutukana jirani zake wa milimani, kabila kwa kabila, na kikapiga makofi zaidi kuliko tajiri yeyote. Fizi tumeona damu iliyofuata maneno. Msanii aliyelishwa na kijiji atawezaje kukataa kukiimbia kijiji chuki yake?

Tumeliwaza hili muda mrefu, na tunaona mlango uko katika majira. Zawadi inayotolewa baada ya wimbo ni malipo. Inayotolewa katikati ya wimbo ni bei ya jina. Inayotolewa kabla, wakati hakuna anayejua wimbo utasema nini, hiyo ndiyo kutunza. Watu wakimlimia mpiga likembe nusu siku mwezi wa kumi, hawajui Julai atawasifu au atawakaripia. Hawakununua kitu. Na yeye, akishika likembe mbele yao, hana deni la maneno. Ana deni la kazi tu, kwamba asije na wimbo mbovu.

Salongo ya zamani ilituachia uchungu, kwa maana ililazimishwa. Hii tunayoisema haina kapita wala faini. Ni majembe kumi, sufuria ya sombe, na asubuhi moja ya Oktoba kabla jua halijawa kali. Watakuja wangapi, hatujui. Na wakati wa kipwa, siku atakapoimba jambo lisilowapendeza, tutaona ni wangapi kati yao watarudi na majembe mvua zikianza tena.