Kibandiko na Kilichoachwa Nje

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wataalamu wa mimea, methali hii ni sheria. Jani lililokaushwa na kubandikwa karatasini, lisipoandikiwa mahali lilipochumwa, kimo chake, tarehe na mchumaji, halina manufaa kwa elimu.

Tuchukue kangaga la milimani liitwalo kitaalamu Hymenophyllum kuhnii. Huota penye ukungu, hata katika misitu ya Ruwenzori, kaskazini-magharibi ya Mbarara. Jani lake ni jembamba mno, unene wa seli moja tu. Jina hilo humkumbuka Max Kuhn, Mjerumani aliyechapisha kitabu cha makangaga ya Afrika mwaka 1868. Lakini mizigo ya waliopanda Ruwenzori kukusanya mimea ilibebwa na Wakonjo, nao ndio waliozijua njia. Kwa desturi, kibandiko humtaja mchumaji. Mpagazi hutajwa kwa nadra. Hakuna uongo hapo. Je, maandishi yaliyo sahihi yaweza kukosa haki?

Swali hili linawahusu wanadamu pia. Kusini-mashariki ya Mbarara yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960. Waliotangulia walitoka Rwanda. Siku hizi wengi ni Wakongo, na Kiswahili chao husikika sokoni. Kila mmoja huandikishwa: jina, nchi, tarehe, namba. Tusiyabeze maandishi hayo, kwani asiyeandikwa hukosa mgao na ulinzi. Hata hivyo, anayesoma neno “Kongo” na kudhani amekwisha kumjua mtu huyo amejidanganya.

Mtu atasema: karatasi ni ndogo, haiwezi kubeba yote. Kweli. Wala mwandishi hadaiwi yote. Anadaiwa kukumbuka kwamba yaliyobaki nje yapo. Tena kuna tofauti kubwa. Kangaga hupata kibandiko likiwa limekwisha kufa, wala haliwezi kukikanusha. Mtu huishi na chake, naye ana kinywa. Basi amwandikaye mtu ana wajibu wa kumwuliza, na wa kukubali kusahihishwa.

Nasi walimu tu waandishi wa vibandiko. Mwishoni mwa muhula twaandika “mzito wa kuelewa”, na mtoto hulichukua neno hilo nyumbani, pengine maisha yake yote. Kabla wino haujakauka, je, tumemwuliza?